Rasgula za wifi zilivyolala bapa, na kwanini kosa lilikua kwenye maziwa

Hiki kisa ni cha wifi yangu hapa Tanga, nimemuomba ruhusa kabla ya kukiandika, akasema andika tu wifi, wengine wasipoteze sukari. Nakiandika kwa urefu kwasababu naona watu wengi wanaopika vitamtam vya Kihindi nyumbani wanakwama palepale alipokwama yeye, afu wanaishia kulaumu resipi au kusema mkono haukukubali, wakati ukikaa ukafatilia hatua moja baada ya nyingine unaona kabisa wapi mambo yaliharibika.

Kitu chenyewe ni rasgula. Ile mipira myeupe inayoogelea kwenye shira nyepesi, ukiibonyeza kwa kidole inatoa shira afu inarudi ilivyokua. Sisi huku pwani vya Kihindi tulivyovizoea zaidi ni vile vya Wagujarati, jalebi, ladu, barfi, penda, sababu ndio watu tuliokaa nao mitaa hii miaka yote. Rasgula asili yake ni upande mwingine kabisa wa India, mashariki, Bengali na Odisha, na inapikwa kwa akili tofauti. Barfi na penda zinatoka kwenye maziwa yaliyokaushwa motoni taratibu mpaka yawe mazito, rasgula inatoka kwenye maziwa yaliyokatishwa kwa kitu kichachu, ukachuja, ukabaki na ile jibini laini wanayoiita chena. Mtu aliyezoea barfi akienda kwenye rasgula na mazoea yaleyale lazima apotee njia.

Sasa wifi anapika kwa oda. Kaimati, visheti, keki, sambusa za shughuli, na jalebi anazitoa vizuri sana, kavu nje, shira ndani. Akapata oda ya nikahi, mama mwenye shughuli akasema pamoja na vya kawaida anataka rasgula vipande 60 kwa meza ya bwana harusi na wazee. Wifi hakuwahi kupika lakini akaitika, akasema atajaribu mapema kabla ya siku yenyewe, na hapo alifanya jambo la maana sana maana jaribio ndo lilimuokoa.

Akanunua maziwa ya boksi lita 2, yale yanayokaa kabatini miezi bila friji. Akayachemsha mpaka yakapanda, moto uko juu hivyohivyo akamimina siki bila kuichanganya na maji, maziwa yakakatika, akayaacha yaendelee kutokota kama dakika 10 ili yaive vizuri. Akachuja kwenye mtandio mwepesi, akaning'iniza kwenye bomba la sinki kidogo, akashusha akaanza kukanda. Ikawa inanata vidoleni, haishikani, akiviringa mpira unakaa kama sekunde afu unatandaza. Akaongeza unga wa ngano vijiko viwili na bekin pauda kidogo. Mipira ikakubali kukaa. Akapika shira vikombe viwili vya sukari kwa viwili vya maji, ile ile ya kaimati, akatumbukiza, akafunika. Baada ya muda akafunua, zimevimba, nzuri, akapiga picha akanitumia na mimi nikamjibu mashallah.

Haikupita saa akapiga simu. "Wifi njoo uone, zimelala."

Nilipofika nilizikuta bapa kama vitumbua vilivyokosa hamira, ngozi imekunjamana, na nilipoikata moja katikati nikakuta kitu kama uji mzito, hakuna vitundu kabisa, na ukiinusa harufu ya siki iko wazi. Nyingine tatu nne zilishapasuka zikawa zinaelea vipande vipande. Yeye akawa anarudia neno moja tu, "mimi nimefata kila kitu kama walivyosema," na kweli nilipoangalia ile resipi alikua hajakosea vipimo. Resipi ilisema maziwa lita 2, ikasema siki, ikasema kanda, ikasema shira. Haikusema maziwa gani, haikusema unajuaje chena imefika, haikusema shira iwe nyepesi kiasi gani. Na rasgula yote iko kwenye hivyo vitu vitatu.

Kabla ya kuingia kwenye kila kimoja inabidi tuelewe mpira unavimbaje, bila hivyo unabaki kubahatisha. Ndani ya mpira wa chena kuna protini ya maziwa iliyoshikana kama wavu, katikati ya wavu kuna maji na mafuta kidogo. Ukiutia kwenye shira inayochemka kwa nguvu, yale maji yanageuka mvuke, mvuke unasukuma wavu kwa nje, mpira unakua karibu mara mbili. Wavu ukiwa imara unabaki umetanuka hata mpira ukipoa, na vile vitundu vinanyonya shira. Wavu ukiwa dhaifu unavimba vilevile, maana mvuke upo, lakini moto ukizima unaporomoka. Kwahiyo ile picha aliyonitumia haikua ushahidi wa kitu chochote, kuvimba kila mpira unavimba, kipimo ni unavyokaa baada ya kupoa.

Sasa kwanini wavu wake ulikua dhaifu? Tuanze na maziwa yenyewe. Maziwa ya boksi yanayokaa bila friji yamepitishwa kwenye joto kali sana, zaidi ya nyuzi 130 kwa sekunde chache, na pia yamepigwa kwa presha mpaka matone ya mafuta yamekua madogo sana yasipande juu kuwa malai. Kwa chai hayana shida yoyote. Lakini lile joto linafanya protini za kwenye maji ya maziwa ziende kujibandika kwenye zile protini zinazotakiwa kuganda, na yale matone madogo ya mafuta nayo yanajishikiza humohumo, matokeo yake ukiyakatisha unapata chembe laini ndogo ndogo zinazoshika maji mengi na hazitaki kushikana zenyewe kwa zenyewe. Ndo ile kunata aliyoiona. Yeye akadhani chena haijakauka, na ni kweli ina maji mengi, ila hata ungeining'iniza usiku kucha ingekauka ikawa mchanga mchanga, haiwi ile inayokandika.

Hapa Tanga kukosa maziwa mabichi ni kutaka mwenyewe, mkoa huu ng'ombe wa maziwa wapo wengi na wauzaji wanapita na baiskeli na pikipiki asubuhi. Kama huko uliko hakuna, basi yale ya pakiti yanayouzwa kwenye friji, yenye mafuta yote, yanaweza kukutoa. Na yawe ya ng'ombe. Wahindi wenyewe wana maziwa ya nyati kwa wingi na wanayapenda kwa vitu vingine, ila kwa rasgula wapikaji wa Bengali wanataka ya ng'ombe kwasababu chena ya nyati inakua ngumu. Tahadhari moja ya maziwa mabichi: yawe ya asubuhi ileile. Yakishaanza kuchacha yanakatika yenyewe kwenye moto kabla hujatia ndimu na chena inatoka na chembe ngumu.

Halafu siki na ule moto. Alitia siki kali maziwa yakiwa yanatokota, na akayaacha yaendelee. Ukifanya hivyo protini inakazana ghafla kwa mabonge, inakua kama raba, na kila dakika unayoiacha motoni inazidi kukaza. Kwa maziwa ya boksi ilimletea balaa la pande mbili, chembe nyingine ngumu na nyingine zimelowa maji, ndo maana mpira mmoja ulikua na mabonge na uji humohumo. Inavyotakiwa ni kuchemsha mpaka yapande, unazima, unasubiri dakika tatu nne yashuke kidogo, unachukua maji ya ndimu vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, unayachanganya na maji kiasi hichohicho, unatia kidogo kidogo huku unakoroga polepole. Yakianza kutengana na ukaona yale maji yamekua na ukijani wa kung'aa, acha hapohapo hata kama ndimu imebaki. Mimina vikombe viwili vya maji ya baridi sana kusimamisha mapishi. Chuja, afu osha ile chena na maji baridi vizuri, hii hatua wifi hakuifanya kabisa na ndo siki ikabaki inanuka mpaka kwenye shira.

Hapo nilimwambia wifi tusibadilishe vitu vyote kwa mkupuo, maana tukibadilisha vyote ikakubali hatutajua nini kilikua tatizo. Tukapika na maziwa ya boksi jingine la aina ileile na maziwa mabichi ya jirani, sufuria mbili, ndimu ileile, kitambaa kilekile, mikono yake mwenyewe, bila unga, na shira yake ileile nzito. Tofauti ilionekana kabla hata ya kukanda. Ile ya boksi ilitoka maji meupe meupe kama yaliyosuuziwa chombo cha maziwa, maana yake vitu vingi vimeondoka na maji, na chena yenyewe kidogo. Ya maziwa mabichi ilitoka maji ya kijani yaliyo wazi na bonge moja linaloshikana. Tulipozipika, za boksi zikalala tena. Za maziwa mabichi zikasimama duara, lakini zilipopoa zikanywea kidogo na ngozi ikakunjamana, na ukiitafuna inalialia kwenye meno. Kwahiyo maziwa yalijibu swali la kulala bapa, swali la kunywea likabaki.

Nalo jibu lake ni shira. Shira ya kikombe kwa kikombe ni nzuri kwa kaimati kwasababu kaimati imeshaiva kwenye mafuta, inakuja kuvikwa tu. Rasgula inaivia ndani ya shira. Shira ikiwa nzito inavuta maji kutoka ndani ya mpira kwenda nje, mpira ambao ungetakiwa kutanuka unabanwa, na ngozi inakaza. Tukarudia na kikombe kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, sufuria pana, moto mkubwa muda wote mpaka povu linafunika mipira, mfuniko juu, dakika 15 mpaka 20. Na kwakuwa shira inavyochemka inazidi kuwa nzito, kila baada ya dakika tano hivi unanyunyizia maji ya moto kidogo pembeni, ya moto jamani, ya baridi yanashusha mchemko na mipira inaanguka. Usijaze sufuria, zinahitaji nafasi mara mbili ya ukubwa ulioziweka. Na usifunue funue. Zile zikasimama. Zilipopoa kwenye shira yake zikabaki duara, nikaibonyeza moja ikarudi, wifi akakaa chini kwenye kigoda akasema alhamdulillah.

Kitu ninachotaka kukikazia hapa ni ule unga, maana nimeona watu wengi sana wanaufanya ndo suluhisho. Unga wa ngano, suji, kornflawa, bekin pauda. Kijiko kidogo cha suji kwa chena ya lita nzima wapo wanaotia na sigombani nao. Lakini ukitia kwasababu chena yako inanata, umeficha tu kwamba chena haiko sawa, mpira utakaa duara mkononi, ukiingia kwenye shira unga unanyonya maji unakua uji katikati, ndo kile tulichokikuta tulipoikata ile ya kwanza, na bekin pauda inaongeza hewa kwenye wavu ambao hauna nguvu ya kuibeba. Chena inayonata inarudi kwenye kitambaa, inaning'inizwa tena. Ikigoma bado, igeuze kitu kingine, tia kwenye sufuria na sukari na iliki uikaange taratibu ikauke upate kitu kama barfi laini, haitaharibika.

Na unajuaje imefika? Hapa ndo mkono unaongea. Ining'inize nusu saa mpaka dakika 45, usiikamue kwa kuipigia jiwe. Chukua kidogo, kisugue kati ya vidole, kikiacha maji bado, kikivunjika vunjika kama chenga umepitiliza, na hiyo unaweza kuiokoa kwa kunyunyizia matone ya maji wakati wa kukanda. Ikiwa sawa inakua na unyevu lakini haitoi tone. Kisha unaitandaza kwenye sinia na kuisukuma mbele kwa kitako cha kiganja, unakusanya, unasukuma tena, dakika nane mpaka 10, mpaka chembe zote ziishe na uone kiganja chako kimeanza kung'aa kwa mafuta kidogo. Hapo acha mara moja. Ukiendelea mafuta yanatoka yote na mpira unakua mgumu. Ukiacha mapema mpira unakua na nyufa, na kila ufa ni mahali utakapopasukia kwenye shira. Viringa midogo, kama gramu 10, laini isiyo na mstari wowote, na funika kwa kitambaa kibichi wakati unamalizia mingine.

Nilivyokua namueleza wifi haya akauliza swali zuri, hivi hawa waligunduaje kwamba kitu chepesi hivi kinaweza kusimama bila unga? Wabengali wenyewe wanamtaja Nobin Chandra Das, muuza vitamtam wa Bagbazar pale Kolkata, kwamba mwaka 1868 ndo aliyepata hii ya kama sponji, na mwanae akaja kuiingiza kwenye makopo mwaka 1930 ikaanza kusafiri mbali. Watu wa Odisha hawakubali, wanasema kwao ni ya zamani zaidi, inatolewa kwenye hekalu la Jagannath mjini Puri siku mungu wao Jagannath anaporudi kutoka kwenye msafara wa magari ya mbao yanayovutwa kwa kamba, anamletea mkewe Lakshmi ili amkubalie kuingia ndani. Mzozo ukafika mpaka kwenye ofisi ya kusajili bidhaa zenye asili ya mahali, Bengali Magharibi wakapewa cheti cha Banglar Rasogolla tarehe 14 Novemba 2017, Odisha nao wakapewa chao cha Odisha Rasagola tarehe 29 Julai 2019. Na ukizitazama kweli ni vitu viwili, ya Odisha ni laini zaidi na ina rangi ya kahawia kidogo sababu sukari inaachwa iungue kwa mbali, ya Kolkata nyeupe na inarudi ukiibonyeza. Kwa hiyo ukiwa na resipi jua kwanza ni ya upande gani, maana mwingine anaona zake zimekua laini za rangi anadhani kaharibu kumbe kafuata ya Odisha.

Halafu kuna jambo la mwaka 1965 ambalo linaonyesha hiki kitu kinavyokula maziwa. Bengali Magharibi ilikua na uhaba mkubwa wa maziwa, serikali ya waziri kiongozi Prafulla Chandra Sen ikapiga marufuku vitamtam vya chena, kwa hoja kwamba maziwa yanaishia kwenye sukari wakati watoto wanayahitaji. Fikiria Kolkata bila rasgula. Watu walikasirika mno. Uchaguzi wa 1967 chama chake kikatoka madarakani, sababu zilikua nyingi, njaa na bei ya mchele zikiwa mbele, lakini hadi leo ukizungumza na watu wa kule hilo la vitamtam hawalisahau. Hoja ya serikali kuhusu maziwa kimahesabu haikua ya uongo, lita tano za maziwa ya ng'ombe zinakupa chena kilo moja hivi au chini yake, zile lita nne nyingine zinaondoka kama maji.

Na hapo ndo tukarudi kwenye oda, sababu wifi alishapanga bei kwa kuangalia sukari na gesi, hakuwaza maziwa yanavyopungua. Lita moja ya maziwa mabichi mazuri inatoa chena gramu 160 mpaka 180, ukiviringa gramu 10 unapata vipande 16 mpaka 18. Vipande 60 vinataka lita nne, na weka ya tano pembeni maana utakuta muuzaji kaongeza maji, au mipira miwili mitatu imepasuka. Sukari kwa mizunguko yote kama kilo moja na nusu. Alimpigia mama mwenye shughuli akamueleza wazi kwamba bei ya mwanzo haikukaa sawa, wakaelewana.

Siku ya oda alipika usiku wa kuamkia shughuli, maana rasgula inataka kulala kwenye shira masaa sita na zaidi ndo shira iingie mpaka katikati, ukiila ya moto moto unapata tamu ya nje tu. Alizipika kwa mafungu madogo, kila fungu na shira yake mpya nyepesi, mwisho akazihamishia zote kwenye shira nzito kidogo yenye iliki mbili tatu zilizopondwa na maji ya waridi, hapo zimeshaiva, haziwezi kunywea tena. Yale maji ya kijani yaliyobaki kwenye kuchuja hakuyamwaga, alikandia chapati za asubuhi, na mengine akayaacha yachache, siku hizi ndo anayakatishia maziwa ya oda inayofuata badala ya ndimu, kama wanavyofanya wapika vitamtam wa Kolkata. Kwenye friji, ndani ya shira yake na bakuli limefunikwa, zinakaa siku nne mpaka tano. Usizigandishe kwenye friza, barafu inakata ule wavu na zikiyeyuka zinakua kama sponji iliyokamuliwa.